Mvinyo, moyo ulioumia na lautari wa Romania (uzi mrefu)

Tanga_Raha:
Habari za usiku wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aniwie radhi. Jambo lenyewe limenikaa kifuani karibu mwaka mzima, na hapa nilipo sina wa kumsimulia kwa Kiswahili akanielewa.

Naishi Bucharest, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi jikoni. Mwezi wa tisa mwaka jana mwenzangu wa kazini aliozesha binti yake kijijini kwao, mkoa wa Giurgiu, upande wa kusini karibu na mto Danube. Nikaalikwa. Harusi za huku hazilali. Ilipofika saa tisa usiku ngoma za kucheza duara zikaisha, vijana wakatoka nje kupunga upepo, wakabaki watu wazima mezani na majagi ya mvinyo uliotengenezwa nyumbani. Hapo bendi ikabadilika. Wakaanza kupiga kile nilichokuja kujua baadaye kinaitwa *cântec de ascultare*, wimbo wa kusikiliza. Hauchezwi. Watu wanakaa tu.

Mpiga akodiani akashuka, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi mkuu wa harusi, huku anaitwa *naș*, akainama akampigia sikioni. Namaanisha sikioni kabisa. Mzee yule ana miaka sitini na ushei, mabega kama kuli wa bandarini. Akanywa glasi yake, akaiweka mezani taratibu, akafumba macho, machozi yakamtiririka. Hakuna aliyemshangaa. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mkewe aliyekaa pembeni hakugeuza hata shingo. Wimbo ulipoisha mzee akatoa noti, akaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji.

Nikamuuliza mwenzangu: huyu anaimba nini? Akanijibu: mwanamke aliyeondoka, na mvinyo. Nikauliza na ule wa kabla yake? Akasema: mwanamke aliyeondoka, na mvinyo.

Mimi nimekulia Tanga, kutuza mwimbaji nimekuona tangu mdogo. Lakini kwetu anayetuza huinuka, hucheza, hupita na noti yake juu watu wamwone, na mara nyingi kuna mtu ukumbini anayelengwa na ule ubeti. Yule mzee hakulenga mtu. Alimlipa aliyemliza. Tangu usiku ule nimekuwa nikisikiliza na kuuliza, na ndiyo nataka tuyazungumze.

JembeNaShoka:
Natega sikio mkuu. Ila tuanzie mwanzo, hawa waimbaji ni kina nani? Ni Waromania wa kawaida?

Tanga_Raha:
Swali zuri mkuu. Wanaitwa *lăutari*, mimi nitaandika lautari. Jina limetoka kwenye *lăută*, chombo cha nyuzi cha ukoo mmoja na udi wetu. Walio wengi ni Waroma (si watu wa mji wa Roma), wale ambao Ulaya imewaita majina mengi mabaya, "Gypsy" likiwemo. Ni kazi ya ukoo: baba fidla, mwana akodiani, mjomba *țambal* (meza ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili, ukiiona utakumbuka kanuni ya taarabu).

Na hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuwezi kulipita. Waroma hawa walikuwa watumwa. Katika Wallachia na Moldavia, nchi mbili zilizokuja kuungana kuwa Romania, kuna hati inayowataja tangu 1385, na utumwa wao ulifutwa kabisa mwaka 1855 na 1856. Walimilikiwa na watawala, mabwanyenye na nyumba za watawa. Bwanyenye akiwa na karamu, aliwaita lautari wake kama anavyomwita mpishi wake. Huzuni ikimshika bwana katikati ya mvinyo, mtumwa ndiye aliyetakiwa kuiimba.

Ukishajua hilo, ule wimbo wa sikioni unausikia vingine. Anayelia ana mali. Anayemlilia ndiye mwenye historia ya kulia.

Asumini:
Hii sentensi ya mwisho imenisimamisha kaka. Endelea.

Nyamkera:
Mimi nitasema ukweli wangu na mtanisamehe. Nimeishi na mlevi miaka kumi na moja. Nyimbo za kusifia pombe na majonzi sizipendi kwa lugha yoyote. Mwanaume ameachwa, analewa, anaimbiwa, analia, watu wanamwona ana moyo laini. Je, aliyemkimbia alikimbia nini? Huyo nani anamwimbia?

Tanga_Raha:
Dada Nyamkera, pole sana, na swali lako ni la haki. Nipe muda nilijibu vizuri, si kwa mistari miwili. Kwanza nimalize la mvinyo, maana naona linaeleweka vibaya.

Nilipoanza nilidhani mvinyo kwenye nyimbo hizi ni dawa: umeachwa, kunywa usahau. Sivyo. Nimesikiliza nyingi na sijakutana na mtu anayesahau. Anakunywa ndipo anakumbuka. Huku wana msemo, *cântec de inimă albastră*, wimbo wa moyo wa buluu, yaani moyo wenye majonzi. Mtu mwenye moyo wa buluu haendi kwenye meza ya mvinyo ili upone. Anaupeleka mahali unaporuhusiwa kuonekana. Mwanaume wa kijijini kule Giurgiu akilia saa nne asubuhi shambani ataonekana mgonjwa. Akilia saa tisa usiku glasi ikiwa mkononi, na akodiani sikioni, amefuata desturi. Kazi ya mvinyo ni kutoa ruhusa.

Kuna wimbo wa zamani unaojulikana sana kwa sauti ya Maria Tănase, *Bun îi vinul ghiurghiuliu*, maana yake ni mzuri mvinyo wa rangi ya waridi. Unasema zabibu zake zimechumwa vuli, zimechelewa mpaka umande ukaganda, na kwamba mwimbaji anakunywa sana na halewi. Nasikia ule mstari kama malalamiko: anatamani kulewa na hawezi.

Chamwino_Shambani:
Mkuu hapo kwenye zabibu umenigusa, mimi nalima zabibu Dodoma. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kuchelewesha mpaka baridi kuna maana gani kwao?

Tanga_Raha:
Kumbe tuna mwenye shamba humu! Huku mkuu mavuno ni mara moja tu, vuli, kuanzia mwezi wa tisa. Ukiacha zabibu mtini muda mrefu zaidi zinapoteza maji, sukari inakolea, na mvinyo wake unakuwa mzito. Cotnari kule Moldavia wana zabibu nyeupe wanaita Grasă, sifa yake ni hiyo ya kuachwa mpaka inakolea utamu. Lakini ni kamari: mvua ikinyesha au barafu ikawahi, umepoteza mwaka mzima. Kwenye wimbo wa mapenzi, mtu akikutajia mvinyo uliochelewa kuchumwa, msikilizaji wa huku anaelewa kuna aliyesubiri mno.

Kila nyumba ya kijijini yenye mizabibu miwili mitatu juu ya uwa hutengeneza mvinyo wake. Kwanza unakuja *must*, juisi tamu ambayo haijachacha, inauzwa masokoni pamoja na nyama ya kondoo iliyokaushwa. Halafu *tulburel*, mvinyo mchanga ambao bado una ukungu. Mjini Bucharest watu kwenye bustani za kiangazi hunywa *șpriț*, mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya soda. Kwa hiyo ukisikia mvinyo katika nyimbo hizi usifikirie chupa ya bei kubwa. Fikiria jagi.

SautiYaPwani:
Assalaam alaykum. Nimesoma hadi hapa na ninataka kuuliza moja. Huo muziki, nimeufungua kidogo hivi sasa, mbona unanijia kama wa nyumbani? Kuna mahali mwimbaji analia "aman, aman" nikadhani nimekosea wimbo.

Tanga_Raha:
Wa alaykum salaam. Hujakosea hata kidogo ndugu yangu, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Wallachia na Moldavia zilikuwa chini ya himaya ya Waturuki kwa karne nyingi. Kuanzia 1711 kule Moldavia na 1716 Wallachia, hadi 1821, Sultani aliweka watawala Wagiriki kutoka mtaa wa Fanari, Istanbul. Hao walikuja na muziki wa Istanbul, mizani yake na maombolezo yake. Lautari wakaupokea, wakauchanganya na wa kwao. Taarabu yetu nayo ilipita Misri, ambako muziki wa Waturuki ulikuwa umeshatia mizizi. Kwa hiyo nikisema ni ndugu, nasema ndugu wa mbali waliolelewa na bibi mmoja.

Aman ya kwao ndiyo amani ya kwetu, neno moja la Kiarabu. Sisi tumebaki nalo kwa maana ya utulivu. Wao linawatoka kama kilio cha kuomba huruma. Na si hilo tu. Mtaa wa pembezoni mwa mji, wenye vumbi na uwa wa kila mtu, unaitwa *mahala*. Pesa anayobandikwa mwimbaji ni *bacșiș*, bakshishi. Mgeni ni *musafir*. Mtu akitaka kusema hajui lolote anasema *habar n-am*, sina habari. Siku ya kwanza nilipoisikia hiyo jikoni niligeuka nikidhani kuna Mswahili nyuma yangu.

Na huo mtaa, mahala, ndio mama wa nyimbo tunazozizungumzia. Nyimbo hizi hazikutoka kijijini kwa wachungaji. Zimetoka pembeni mwa Bucharest, ambako fundi viatu, muuza maua na mpiga fidla walipanga chumba ukuta kwa ukuta.

mzee_wa_santuri:
Vijana nawapongeza. Mimi nakusanya santuri, na nyongeza yangu ni hii: mtu wa kumtaja ni Anton Pann. Alizaliwa Sliven, Bulgaria ya leo, akaishi Bucharest, akafa 1854. Alikuwa mwanamuziki wa kanisa, akakusanya nyimbo za mapenzi za mtaani na kuzichapa katika vijitabu mwanzoni mwa miaka ya 1850. Mkusanyo huo aliuita *Spitalul amorului*. Yaani Hospitali ya Mapenzi. Mwalimu wa nyimbo za ibada, anafungua hospitali ya walioachwa! Nampenda kwa hilo peke yake.

Asumini:
Hospitali ya Mapenzi. Mzee wangu ningemlaza humo.

Mlango_Kushoto:
Wakuu, mimi nimewahi kusoma kisa cha Zaraza. Kwamba miaka ya 1930 au 40 kulikuwa na mwimbaji wa Bucharest, Cristian Vasile, alimpenda mwanamke anaitwa Zaraza. Mwimbaji mpinzani wake, Zavaidoc, akamuua huyo mwanamke. Cristian Vasile akaiba majivu yake, akala kijiko kimoja kila siku hadi yakaisha. Kama kuna kuvunjika moyo zaidi ya huko sijui.

Tanga_Raha:
Mkuu, kisa hicho kila mtu huku anakijua, na wengi wanaapa kilitokea. Hakikutokea. Ni hadithi ya kubuni ya mwandishi Mircea Cărtărescu, ilitoka kwenye kitabu chake cha 2004, ikapendwa mpaka ikageuka historia. Waimbaji wawili walikuwa watu wa kweli, na Cristian Vasile kweli aliurekodi wimbo *Zaraza*. Lakini wimbo wenyewe ni tango ya Argentina, ya Benjamín Tagle Lara, wakauwekea maneno ya Kiromania. Na katika maneno ya kwanza Zaraza ni ng'ombe, maksai anayesemeshwa na mwendesha mkokoteni njiani.

Nimeliwaza sana hili. Wimbo ulifika bandarini na maksai, Bucharest ikamgeuza mwanamke, halafu kizazi cha baadaye kikaona mwanamke peke yake hatoshi, lazima afe na aliwe. Mji ule hauwezi kuacha wimbo bila mtu aliyeumia ndani yake. Kwa Zavaidoc tu ndio naona uchungu, maana alifariki 1945 na sasa anaitwa muuaji na watu wasiojua hata wimbo wake mmoja.

Nyamkera:
Bado nasubiri jibu langu.

Tanga_Raha:
Dada, sikukusahau. Nilikuwa natafuta jibu la kweli.

Nyimbo za wanaume kweli zina kasoro unayoisema. Aliyeondoka hana sauti ndani yake. Ana macho, ana nywele, ana mguu wa kuondokea, hana sababu. Sitalitetea hilo.

Lakini waliofikisha nyimbo hizi mbali kuliko wote ni wanawake. Maria Tănase, aliyezaliwa mtaa wa mafundi matofali Bucharest mwaka 1913, ana wimbo *Cine iubește și lasă*, anayependa kisha akaacha. Hakuna machozi mle. Ni apizo. Anamwomba Mungu amwadhibu aliyeacha: atambae kama nyoka, atembee mwendo wa mdudu. Anauimba kwa sauti tulivu, na utulivu ule ndio unaotisha. Bibi zetu wangeuelewa mara moja. Alipofariki mwezi wa sita 1963 alikuwa na miaka 49 tu.

Halafu kuna Romica Puceanu. Huyu ndiye wangu. Mroma, alizaliwa 1927, alianza kuimba mabaa ya Bucharest akiwa binti wa miaka kumi na minne hivi. Fikiria dada: mtoto wa kike, chumba kimejaa wanaume wenye glasi, na kazi yake ni kuwafungulia vifua. Aliimba na binamu zake wa ukoo wa Gore, akodiani na fidla. Wengine wakifika kwenye uchungu hupandisha sauti. Yeye huishusha, anachelewa nyuma ya mdundo kama mtu anayesitasita mlangoni. Kila ninapomsikiliza nahisi anawajua wale wanaume kuliko wanavyojijua. Alifariki 1996 kwa ajali ya gari, akitoka kuimba harusini.

Na wa tatu ni Gabi Luncă, ambaye nadhani anakujibu kuliko mimi. Mumewe, Ion Onoriu, alikuwa bingwa wa akodiani, walipiga pamoja. Ana wimbo unaosema mtu mwema hana bahati. Alikuwa kwenye kilele cha jina lake, akaokoka, akaingia kanisa la Kipentekoste, akaziacha nyimbo za meza ya mvinyo moja kwa moja. Hadi alipofariki 2021 aliimba za Mungu tu. Watu walimlilia arudi. Hakurudi. Nadhani alikuwa ameyaona ya mezani ya kumtosha, kama wewe.

Nyamkera:
Huyo wa tatu nitamsikiliza. Asante kwa kutonijibu kwa utani kama wengine walivyozoea.

JembeNaShoka:
Mkuu, na serikali ya kikomunisti ilikuwa inasemaje kuhusu nyimbo za ulevi na kuachwa? Maana mjamaa alitakiwa awe na furaha.

Tanga_Raha:
Ilikuwa haizipendi, na haikuweza kuziua. Redio na televisheni zilipendelea nyimbo za kijijini zilizosafishwa, okestra kubwa, mavazi ya asili yaliyopigwa pasi. Electrecord, kampuni ya santuri ya serikali, iliwarekodi kina Romica na Gabi, lakini maisha halisi ya lautari yalikuwa harusini, siku mbili au tatu mfululizo. Huko hakuna mkaguzi aliyebaki macho mpaka saa tisa usiku.

Kilichowaumiza zaidi ni tingatinga. Baada ya tetemeko la tarehe 4 Machi 1977, Rais Ceaușescu alipata sababu ya kuvunja sehemu kubwa ya Bucharest ya zamani ajenge ikulu yake na barabara zake. Mtaa mzima wa Uranus ukaondoka. Watu wakahamishiwa maghorofa ya zege. Mahala ikafa, na fidla katika ghorofa la nane hailii kama uani.

Leo kijana wa Ferentari, mtaa wa hapa Bucharest, anasikiliza *manele*, kinanda cha umeme na mdundo wa kucheza, na mvinyo umepisha wiski. Wasomi wa huku wanazidharau. Mimi siwezi, maana kilio ni kilekile na bakshishi ni ileile. Ila glasi ya siku hizi naona ni ya kuwaonyesha maadui. Ile ya zamani ilikuwa ya mtu aliyeishiwa na wa kumwonyesha.

mzee_wa_santuri:
Kwa wanaotaka kusikiliza: kampuni ya santuri ya Kijerumani, Asphalt Tango, ilizirudisha sokoni rekodi hizi za Electrecord kuanzia 2005, kwa mfululizo. Romica yumo, Gabi yumo, Toni Iordache wa *țambal* yumo. Lakini Asumini, wewe uliyemtaja mzee wako, anza na Dona Dumitru Siminică. Usiulize kwa nini.

Asumini:
Nimemsikiliza Siminică. Huyu dada sauti yake imenichoma, nimerudia mara nne.

mzee_wa_santuri:
Si dada, binti yangu. Ni mwanaume. Alifariki 1979. Ndiyo sauti aliyoichagua kuimbia, juu kabisa, mahali ambapo mwanaume hapandi kwa kawaida isipokuwa akiwa analia.

Asumini:
Sikujua. Nimekaa na simu mkononi.

Niseme basi. Mama alifariki mwaka juzi. Mzee hajalia. Msiba mzima alikuwa anapanga viti na kuhesabu sahani. Hanywi kitu, ni mtu wa msikitini, kwa hiyo hiyo ruhusa mnayoisema hapa hana. Kila usiku anakaa barazani taa ikiwa imezimwa. Leo nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaufungua ule wimbo bila visikizi. Sikumwambia ni wa nchi gani. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza: huyu ameachwa au amefiwa?

Sikuwa na jibu. Nimwambieje?

Tanga_Raha:
Uliofungua ni upi?

Asumini:
*Cine m-aude cântând.*

Tanga_Raha:
Mwambie mzee jina lake ni "Anayenisikia nikiimba". Ni maneno ya kale ya huku: anayenisikia nikiimba hudhani sina mawazo.

Asumini:
Nimemwambia. Amekaa kimya muda mrefu. Sasa hivi amesema, rudisha mwanzo.